Vijana wanne dukani na simu bado inalia kwako tu

Dada mmoja wa Busia, upande wetu wa Uganda, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Habari yako mwalimu. Nina hadiwea hapa Busia, nauza saruji, mabati, rangi, misumari, nondo, na pembeni nina kibanda cha mobail mani. Niko na vijana wanne, mmoja ni mtoto wa dada yangu. Shida bila mimi hakuna kitu kinaenda. Niko kanisani simu inalia, niko hospitali na mtoto simu inalia. Juzi tulikuwa na msiba Bugiri nikakaa siku nne, kurudi nakuta mauzo yameshuka na kastoma wawili wakubwa wamehamia kwa jirani. Nilijaribu kumwachia huyu mtoto wa dada manunuzi, nikamtuma Kampala alete mabati, akaleta geji 32 na mimi nauza 30. Sasa naogopa. Watu wananiambia gawa kazi, lakini nikigawa si nitaibiwa? Na nilikuwa nataka nifungue duka la pili Malaba, nifungue ama niache?"

Pole sana na msiba dada. Swali lako ni zuri manake umeeleza mambo yalivyotokea, wengi wananiandikia tu "wafanyakazi wa siku hizi wabaya" na hapo siwezi kumsaidia mtu.

Nianze na kitu ambacho pengine hutakipenda. Kazi wewe ulishagawa zamani. Vijana wanabeba saruji, wanahesabu mabati, wanaandika risiti, wanafagia, wanafungua na kufunga. Kitu hujagawa ni kuamua. Punguzo la shilingi 500 linasubiri simu yako, reti ya shilingi ya Kenya inasubiri simu yako, boda wa kupeleka mzigo alipwe ngapi inasubiri simu yako, kwa hiyo ukiwa Bugiri kwenye msiba unaacha duka na watu wanne wamesimama kaunta na hakuna hata mmoja anaweza kusema ndio ama hapana. Hao kastoma wawili wakubwa sidhani walikimbia bei. Nafikiri waliambiwa "ngoja kidogo tumpigie bosi", bosi simu hashiki kwa sababu anazika, na fundi ana vibarua saiti wanalipwa kwa siku wamekaa wanasubiri saruji. Yeye atafanya nini, si ataenda mlango wa pili.

Kwa hiyo usianze kujiuliza nimpe nani kazi gani. Anza na hio simu. Chukua kijitabu cha kawaida, wiki nzima, kila dukani wakikupigia andika nani kapiga, kauliza nini, wewe ukajibu nini. Usibadilishe kitu chochote wiki hio, andika tu. Jumapili jioni kaa chini usome. Kuna maswali utaona jibu lako ni lile lile kila siku, hayo hayakuhitaji wewe, yalihitaji karatasi ukutani. Kuna maswali ambayo jibu lako linategemea kiasi, yaani kidogo unakubali na kikubwa unakataa, hayo yanahitaji mpaka. Alafu kuna machache ambayo kweli ni yako. Kwa maduka ya aina yako ambayo nimeyaangalia, haya ya mwisho huwa ni machache mpaka mwenye duka anaona aibu kidogo.

Nichukue mfano wa hapo kwenu manake Busia mna kitu ambacho mtu wa Mbarara hana, mnauza kwa pesa za nchi mbili. Kastoma anavuka kutoka upande wa Kenya na shilingi zake, anataka rangi na misumari, kijana anakupigia "mama, leo ya Kenya tunachukua kwa ngapi?" Na wewe ukiwa popote unaanza kumpigia mtu wa kubadilisha pesa ndio ujue. Tuseme kastoma ana 5,000 za Kenya. Ukichukua kwa 27 ni 135,000 za kwetu, ukichukua kwa 27.2 ni 136,000. Tofauti ni shilingi 1,000 dada, na kwa ajili ya hio 1,000 umeshika simu mara mbili na kastoma amesimama juani. Sasa kwa nini usimpe mtu wa kaunta sheria: kila asubuhi saa mbili kabla ya kufungua, aulize wabadilishaji wawili pale mpakani, achukue reti ya chini kati ya hizo mbili, aiandike kwenye ubao mdogo juu ya kaunta, akupigie picha ya ubao akutumie WhatsApp. Basi. Siku hio yote hakuna swali la reti. Akikosea siku moja utapoteza elfu chache, na picha itakuonyesha alikosea siku gani na kwa kiasi gani, utamrekebisha. Hela inayopotea hapo ni ndogo kuliko saruji ambayo haikuuzwa kwa sababu ulikuwa ibadani.

Umeona nilivyofanya hapo, sikusema "muachie kijana mambo ya reti". Nimempa namna ya kuamua, nimempa mpaka, na nimeweka kitu kidogo cha kuangalia ambacho kwangu ni kazi ya dakika moja. Vitu hivyo vitatu vinaenda pamoja. Ukimpa mtu uamuzi bila mpaka utalia, ukimpa mpaka bila kuangalia utaibiwa polepole, na ukiangalia kila saa bado hujamwachia kitu.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Hizi ni bei za mfano tu usizishike: tuseme saruji umenunua 32,500 na unauza 34,000. Andika karatasi ya chini ya kaunta, ile kastoma haoni, bei ya kuuza na bei ya chini kabisa kwa kila kitu kinachotembea sana, pengine vitu ishirini tu. Saruji mfuko mmoja mpaka tisa hakuna kushuka, kuanzia kumi unaweza kushuka mpaka 33,500, zaidi ya mia nipigie. Kijana sasa ana nafasi ya kubishana na kastoma bila kukutafuta, na kastoma anajiona anaongea na mtu mwenye mamlaka. Hii ya mamlaka watu wanaidharau, lakini fundi akishajua huyu kijana ni wa kusema "ngoja", siku zote atamruka atakupigia wewe, na wewe ndio ulimfundisha hivyo kwa kumshukia bei kwenye simu. Siku fundi akikupigia tena kuomba bei mwambie uko na fulani hapo dukani, ongea naye, anajua bei. Ukate simu. Mara ya kwanza itakuuma.

Na mafundi, tusidanganyane, kuna kile kitu kidogo fundi anategemea akileta kastoma. Duka ambalo halina utaratibu wa hicho kitu, kijana anatoa kivyake kutoka kwa bei, ama anaandika risiti ya juu fundi ale tofauti, na mwenye nyumba akigundua jina linaloharibika ni lako. Amua wewe mwenyewe unatoa ama hutoi, kama unatoa ni ngapi kwa kila mifuko mingapi, na kinaandikwa wapi. Hii ya risiti ya juu kataza kabisa. Mimi ningesema hata iandike kwenye ile karatasi ukutani, na kama mmesajiliwa VAT basi risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA watu wa kodi, ni ile ile iliyouzwa, hakuna namna mbili, manake URA wakija hawatamuuliza kijana, TIN, namba ya mlipa kodi, ni yako.

Mkopo ndio usiachie mtu kabisa sasa hivi. Hadiwea nyingi hazifi kwa wizi wa vijana, zinakufa kwa kontrakta anachukua saruji "nalipwa Ijumaa" na Ijumaa hio haifiki. Kijana hawezi kumkatalia mtu mwenye pikap. Kwa hiyo mpe neno la kusema: "deni anatoa mama peke yake na hatoi kwa simu." Ukiliweka hivyo hata wewe mwenyewe utaacha kukopesha ukiwa kwenye teksi huwezi kufikiri vizuri.

Sasa tuje kwa wizi, manake najua ndio kitu kinakunyima usingizi na una haki. Ninachoona mara nyingi ni kwamba mtu anaibiwa kwa sababu aliweka mikono mitatu kwa mtu mmoja. Yaani yule yule anayetoa mali ndio anapokea pesa na ndio anaandika kitabu. Hapo hata malaika atajaribiwa, na asipoiba bado akikosea huwezi kujua alikosea ama aliiba, na hilo ndio baya zaidi kwa sababu utamshuku mtu mwaminifu mpaka aondoke. Una watu wanne, wanatosha. Mmoja akae na pesa na risiti tu, asiguse stoo. Mmoja akae na stoo, hatoi kitu bila kuona risiti, na hapokei hata shilingi, kastoma akimpa pesa amwonyeshe kaunta. Wa tatu ni mobail mani na anasaidia kaunta kukiwa na watu wengi. Wa nne anapakia, anapeleka mizigo, anazunguka. Kitabu cha stoo kinaandikwa na wa stoo, kitabu cha mauzo na wa kaunta, na jioni vitabu viwili vinakutana. Wewe unasoma pale vinapotofautiana tu.

Nikuonyeshe ukurasa wenyewe unavyokaa, hakuna haja ya kompyuta. Juu unaandika tarehe. Alafu mstari wa saruji: asubuhi mifuko 140, imeingia 100, imeuzwa 87, jioni lazima iwe 153. Mtu wa stoo anahesabu kwa macho yake anaandika alichokuta. Akikuta 151 mnauliza leo leo, manake leo kila mtu anakumbuka, pengine miwili ilipasuka wakati wa kushusha na iko nyuma pale, pengine kastoma alilipia 40 akapakiwa 42. Ukisubiri mwisho wa mwezi utakuta mifuko 30 haipo na watu wanne wanaangalia chini. Usihesabu duka zima kila siku, utachoka wiki moja uache. Saruji na mabati kila siku kwa sababu ndio pesa yako ilipolala, na vile vingine vyote chagua vitano tofauti kila siku bila kuwaambia kesho ni vipi. Misumari ya inchi tatu leo, rangi nyeupe lita nne kesho. Wakijua chochote kinaweza kuhesabiwa siku yoyote inatosha.

Na lori likija, anayeshusha na kuhesabu asiwe yule aliyeagiza. Hapa wengi wanateleza. Mtu ameagiza mabati 200, yeye mwenyewe anapokea, yeye mwenyewe anaweka saini kwenye delivari noti, na dereva na yeye wanajuana. Mtu wa stoo ndio ahesabu, asaini yeye, picha ya noti ije kwako.

Kibanda cha mobail mani nakushangaa kwamba bado kinakusumbua kwa sababu hio ndio kazi rahisi kuliko zote kumwachia mtu, inajihesabu yenyewe. Ukiweka mtaji wa 5,000,000, asubuhi floti, yaani pesa iliyo ndani ya laini ya wakala, 3,200,000 na keshi 1,800,000. Siku nzima watu wanaweka na kutoa, jioni floti 4,150,000 na keshi 850,000, ukijumlisha ni 5,000,000 ile ile. Kamisheni inaingia kivyake. Isipotimia, imepotea leo na iko mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana. Cha kukataza ni kimoja, keshi ya kibanda isichanganywe na keshi ya hadiwea bila kuandika hata kwa dakika tano, "nitarudisha saa hii" ndio inavuruga kila kitu. Kama keshi ya kibanda imeisha na kaunta ina pesa, waandike kwenye karatasi nani katoa ngapi saa ngapi, wote wawili wasaini.

PIN. Najua kuna mtu dukani kwako anajua PIN ya ile laini yako wewe mwenyewe, si ya wakala, ile ambayo kastoma wanalipia vitu. Karibu kila duka yuko. Ulimpa siku moja ulikuwa mbali na sapulaya anataka pesa. Badilisha leo. Kitu ambacho watu hawakifikirii ni kwamba pesa kuingia hakuhitaji ufunguo wako, ni kutoka ndio kunahitaji. Mtu yeyote anaweza kupeleka mauzo ya jioni kwa wakala wa benki na namba ya akaunti tu, mawakala wa benki tuko nao Uganda tangu sheria iliporuhusu, kanuni zilitoka 2017, na sasa wako kila kona. Kijana anaweka, meseji inakuja kwa simu yako, anarudi na karatasi. Kwa hiyo kupeleka pesa benki hio ni kazi ya kuachia kesho asubuhi. Kutoa ni wewe. Na kastoma walipe kwa namba ya biashara, isiwe ya mtu binafsi wala ya kijana, hata siku moja, hata kama mtandao unasumbua.

Alafu waachie pesa kidogo ya matumizi ya siku, peti keshi, tuseme 30,000, ya boda, ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ukikata, ya chakula cha wa kupakia. Kila kitu na kikaratasi. Zikiisha wanakuonyesha vikaratasi unajaza tena. Usiulize kwa nini boda 4,000 na si 3,000. Ukianza kuuliza hio umerudi kwenye simu.

Sasa huyu mtoto wa dada yako na mabati ya geji 32. Nimefikiri sana juu ya hii. Umesema alileta 32 na wewe unauza 30. Wewe na mimi tunajua geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 32 ni rahisi kuliko 30. Kijana ambaye hajakaa na mabati akisikia 32 anafikiri ni kubwa zaidi, ni bora, na bei iko chini! Nakwambia alirudi Busia akiwa na furaha kwamba amekuokolea pesa. Na wewe ulimwambia nini wakati anatoka? Nina uhakika ni kitu kama "lete mabati kama yale ya siku ile, na usinunue ghali". Akafanya hivyo hivyo. Akifika Kampala kwenye yale maduka ya Nakasero yamepangana, kila mtu anamvuta shati, anaulizwa geji ngapi, urefu ngapi, rangi gani, ya kampuni gani, hana karatasi, anaona aibu kukupigia manake amepewa nafasi anataka aonekane anaweza.

Kwa hiyo usimnyang'anye manunuzi, mpe upya vizuri. Safari inayokuja andikeni pamoja karatasi, yeye ndio aandike kwa mkono wake: mabati geji 30, urefu, rangi, kampuni, idadi, bei ya juu kabisa ambayo hapaswi kupita, duka la kwanza la kuuliza na duka la pili. Alafu umwambie akuambie yeye anaenda kufanya nini, akuambie kwa maneno yake kuanzia anapanda gari. Hapo ndio utasikia asichokijua. Ukimuuliza "umeelewa?" atasema ndio, sisi wote tunasema ndio kwa mama mdogo. Kama kuna mahali amekwama utasikia akifika hapo anaanza kusema "alafu nitanunua tu". Hio "tu" ndio ilikuwa geji 32. Nenda naye safari moja, wewe ukae nyuma kimya, yeye ndio aongee na wauzaji, hata akiongea vibaya usiingilie mpaka mtoke nje. Safari ya pili anaenda peke yake na anakupigia mara moja tu, kabla hajalipa, akusomee karatasi. Ya tatu analipa bila kupiga akiwa ndani ya bei, na pesa zenyewe unamtumia sapulaya moja kwa moja, hatembei na keshi barabara ya Kampala. Kila hatua isogee kwa sababu ile ya nyuma imeenda sawa, isiwe kwa sababu umechoka wewe.

Na kuna suala la undugu ambalo hukuliuliza lakini naliona. Wale vijana watatu wengine wanajua huyu ni damu. Kama ni mkubwa wao sema mbele ya wote ni mkubwa wa nini hasa, manunuzi tuseme, na wa kaunta na wa stoo hawako chini yake. Kama hujasema, yeye atafikiri ni bosi mdogo wa kila kitu, wao watafikiri ni mpelelezi wako, na kazi itakwama katikati. Mshahara wake uwe mshahara, unajulikana, tarehe inajulikana, usiwe chakula na kulala na "nitakusaidia ada ukitaka kusoma". Mtu asiyejua mshahara wake anajilipa. Siku ukiona amekosea usimrekebishe mbele ya wenzake, mwite pembeni. Na hili ni gumu zaidi: kijana mwingine akikupigia kulalamika juu ya uamuzi wake, mrudishe kwake kwanza. Ukibadilisha uamuzi wa mtu kwa simu mara mbili, ya tatu hataamua tena, na hapo usiseme vijana wavivu.

Sheria nigusie haraka kwa sababu ukimpa mtu majukumu ya pesa lazima uwe umesimama vizuri. NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, wengi wa maduka madogo bado wanaimba ile ya zamani kwamba chini ya watu watano haikuhusu. Ilibadilishwa 2022, sasa mwajiri yeyote hata mwenye mtu mmoja, wewe unatoa asilimia 10 juu ya mshahara na yeye anakatwa 5, na inapelekwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wape barua ya kazi ya maandishi, Sheria ya Ajira ya 2006 inataka hivyo, na ndani ya hio barua ndio unaandika mtu anaamua nini na mpaka wake ni ngapi. Na ile tabia ya "saruji miwili imepotea nakata kwa mshahara wa wote wanne" iache, sheria haikupi ruhusa kukata mshahara kiholela, na hata kama ingekupa, ukikata wote unawafundisha kwamba mwaminifu na mwizi kwako ni sawa. Ukimwongezea mtu kazi ya kichwa mwongezee na pesa, hata kidogo. Fundi wa saiti jirani akimpa 50,000 zaidi atakuachia hicho kitabu chako cha stoo katikati ya ukurasa.

Kodi unaweza kumpa mhasibu kwa mwezi, mradi awe ajenti wa kodi aliyesajiliwa, isiwe tu "kuna kijana anajua kompyuta". Lakini risiti ya kulipa uione wewe.

Mambo haya usiyafanye yote wiki moja utachanganyikiwa. Anza na reti na karatasi ya bei, ni ya wiki hii. Mikono mitatu na hesabu ya saruji mwezi huu. Manunuzi ya kijana yaje mwisho. Na chagua wakati, kwa sababu mvua zikiwa nyingi, Machi mpaka Mei ama Septemba mpaka Novemba, ujenzi unapungua, duka linapumua, makosa ya kujifunza yanakuwa madogo. Ukianza Desemba watu wako kwenye foleni ya saruji kijana akiharibu ataharibu kikubwa, utamlaumu yeye na kosa ni la kalenda.

Malaba usifungue kwanza. Si kwamba wazo ni baya, Malaba kuna biashara. Lakini duka la pili litakuwa na maswali yale yale ya duka la kwanza na wewe ni simu moja. Fanya jaribio hili: baada ya miezi miwili mitatu ya utaratibu huu, nenda Mbale siku mbili za katikati ya wiki, si za mapumziko, uwaambie hushiki simu mpaka saa moja jioni, na iwe kweli, zima. Jioni soma picha tatu tu, ubao wa reti, ukurasa wa saruji na karatasi ya benki. Ukirudi usiulize mlikuwaje, waulize ni uamuzi gani walikwama wakakosa wa kuamua. Kama ni mmoja ama miwili, iandikie mpaka wake, rudia mwezi unaofuata kwa siku nne. Kama wamekwama kwenye kitu kile kile mara tano basi hapo ndio duka lako linavuja na Malaba lingevuja mara mbili. Na ukishafika hapo pa siku nne bila simu, mtu wa kumpeleka Malaba asiwe mtoto wa dada. Mpeleke yule wa kaunta ambaye vitabu vyake vimekuwa vikikutana kila jioni, na kabla hujalipa kodi ya pango huko niandikie tena, uniambie bei ya pango na nani wengine wanauza saruji mtaa huo.